Boeing 737 imeanguka mara nyingi, A340 haijaua abiria, ipi salama?

mtazamaji_anga
Wakuu naomba mnieleweshe, kila nikisoma orodha za ajali naona 737 imejaa humo, ila Airbus A340 haijawahi kuua abiria kwenye ajali. Sasa si tuseme tu 737 ni hatari?

rubani_mtarajiwa
Hapana mkuu, ukihesabu ajali peke yake unapotea. 737 imebeba abiria tangu 1968, zimeundwa zaidi ya 10,000 na nyingi zinapiga ruti fupi fupi, yaani zinapaa na kutua mara kadhaa kwa siku. A340 zote hazifiki 400 na safari zake ndefu, na ajali nyingi zinatokea kwenye kupaa na kutua, ndo maana wanagawa ajali kwa idadi ya safari. Angalia ndege ya Concorde, miaka zaidi ya 20 haijaua abiria hata mmoja, ikaanguka Paris 2000, mara moja tu, na kwa sababu safari zake zilikuwa chache ikatoka kwenye rekodi safi ikawa na kiwango kibaya kabisa.

Zuhra_K
Hesabu nakubali, ila isitumike kuficha ubovu. 737 MAX (toleo jipya la 737) mbili zilianguka ndani ya miezi mitano, Oktoba 2018 na Machi 2019, watu 346, mfumo wa kompyuta wa MCAS ulikuwa unasikiliza sensa moja tu, sensa ikidanganya ndege ilisukumwa pua chini, na marubani wengi walikuwa hata hawajaambiwa mfumo upo!! Na ndege ya DC-10 hivyohivyo, mlango wa mizigo ulifunguka angani 1972 watu wakapona, dosari ikajulikana, haikurekebishwa sawasawa, 1974 karibu na Paris mlango wa aina ileile kwenye DC-10 nyingine ukaua watu 346. Hapo kugawa kwa safari kunakusaidia nini?

rubani_mtarajiwa
Kweli kabisa dada, ndo maana nasema usiseme "737" kwa jumla, ile 737-800 haina MCAS kama MAX, ni kizazi kingine.

mtazamaji_anga
Kwa hiyo A340 ni bahati tu?

Zuhra_K
Bahati ipo. Toronto 2005 moja ilipitiliza njia ya kurukia kwenye mvua kali ikaungua yote, watu 309 wakatoka wote hai kwa sababu wahudumu waliwatoa haraka. Kwenye jedwali inasomeka sifuri ya vifo, ila ndege yenyewe iliteketea.