Volti za sensa kwenye Arduino hazilingani na za multimita

Swali
Ndugu wataalamu, naomba msaada. Nimeunga sensa ya joto LM35 kwenye pini A0 ya Arduino Uno (bodi ndogo ya kielektroniki inayoendeshwa kwa programu), na kwenye A1 ninapima betri ya volti 12 kupitia rizista mbili, ya megaohmu 10 na ya megaohmu 1, ili betri isinyonywe. Multimita kwenye A0 inaonyesha volti 0.252, yaani nyuzi 25.2, ilhali programu inasema 26.9. Cha ajabu zaidi, nikiishika LM35 kwa vidole ikapata joto, namba ya betri nayo inasogea. Sensa nimeshabadilisha mara mbili.

Jibu la kwanza
Sensa hazina kosa. Programu yako bila shaka inazidisha kwa 5 na kugawa kwa 1024, lakini je, umewahi kupima hiyo 5 yenyewe? Bodi inayolishwa na kebo ya USB mara nyingi haifikishi volti 5, na kibadilishaji, yaani sehemu ya chipu inayogeuza volti kuwa namba kati ya 0 na 1023, hulinganisha kila kitu na volti iliyopo, si ile iliyoandikwa kwenye programu.

Kuhusu betri, pini moja hupimwa baada ya nyingine kwa kapasita ileile ndogo iliyo ndani ya chipu, ya pikofaradi 14 hivi. Rizista zako zinapitisha umeme kidogo mno kiasi kwamba kapasita hiyo haiwahi kujaa, ikabaki na masalia ya A0. ATmega328P, chipu ya Arduino Uno, inataka chanzo chenye ukinzani usiozidi kiloohmu 10. Chako kinakaribia 909. Weka kapasita ya nanofaradi 100 kati ya A1 na hasi, iijaze ile ya ndani kwa haraka. Na usiiamini multimita hapo A1: ikiwa ukinzani wake ni megaohmu 10, kama zilivyo nyingi, itasoma volti 1.0 badala ya 1.09.

Muulizaji
Ahsante sana. Pini ya 5V ina volti 4.62 tu! Namba ghafi ya A0 ni 55, na nikitumia 4.62 napata nyuzi 24.8. Kapasita nimeiweka, na betri haifuati tena vidole vyangu. Je, hizo 0.4 zilizobaki zinatoka wapi?

Jibu la pili
Hatua moja ya kibadilishaji chako ni milivolti 4.5, na LM35 hutoa milivolti 10 kwa nyuzi, hivyo huwezi kuona chini ya takriban nusu nyuzi. Tumia amri analogReference(INTERNAL), inayofanya kibadilishaji kilinganishe na volti 1.1 ya ndani ya chipu, na hatua itashuka hadi milivolti 1 hivi. Kwa kuwa chipu moja yaweza kuwa na 1.0 na nyingine 1.2, pima pini ya AREF, ambako volti hiyo ya kulinganishia huonekana, na uandike thamani hiyo kwenye programu, kisha tupa masomo machache ya mwanzo. Tahadhari moja: betri ikichajiwa hadi volti 14, A1 itapata volti 1.27 na namba yake itagota kwenye 1023, kwa hiyo badilisha kwanza uwiano wa rizista.