Ushauri: losheni ya jua ya mwanangu imeandikwa "nano", niendelee kumpaka au niache?

MamaNeema_SHY: Wakuu, habari za jioni. Binti yangu ana ualbino, yuko darasa la tatu. Shangazi yake aliyeko Ujerumani ndiye anayetuletea losheni za jua. Sasa kwenye grupu la wazazi imezunguka klipu kwamba losheni zenye nano zinapenya ngozi, zinaua seli na kuleta kansa. Nimegeuza chupa, kweli kabisa: Zinc Oxide, na mbele yake nano kwenye mabano. Tangu jana nampaka mafuta ya nazi. Wenye uelewa nisaidieni, matusi hapana.

Kijiweni: Achana na makemikali ya wazungu dada. Nazi na kofia vinatosha.

BenchiLaMaabara: Mkuu hapo juu, kwa mtoto mwenye ualbino nazi haizuii mionzi ya kutosha hata kidogo, na saratani ya ngozi ndiyo inayowamaliza ndugu zetu hawa mapema. Mama Neema, mrudishie losheni kesho asubuhi.

Nano ni ukubwa tu, si jina la sumu. Ni chembe za kati ya nanomita 1 na 100, wakati unywele una unene wa nanomita kama 80,000. Zinki inasagwa hivyo ili mtoto asionekane kama kapakwa chokaa.

Klipu haikutunga kila kitu. Ukiziweka seli za binadamu kwenye kisahani cha maabara ukazimwagia zinki oksidi ya kutosha, zinakufa. Chembe zinayeyuka na kuachia ioni za zinki, yaani chembechembe za zinki zenye chaji ya umeme, halafu inazuka oksijeni kali inayochoma utando wa seli na hata DNA. Ila seli za kisahanini ziko uchi. Ngozi ya Neema ina tabaka la juu la seli zilizokwisha kufa, na chembe hukwama humo. Australia, utafiti uliotoka 2010, waliwapaka watu siku 5 ufukweni losheni yenye zinki iliyowekewa alama ili waifuatilie. Iliyoonekana kwenye damu ilikuwa kiduchu mno ukilinganisha na zinki ambayo mwili unayo siku zote.

Mdadisi_Tz: Mbona Ulaya walipiga marufuku titani, ile unga mweupe mwingine wa kwenye losheni za jua, mwaka 2022?

BenchiLaMaabara: Kwenye chakula, mkuu, ile rangi nyeupe ya E171. Hiyo unaimeza. Kwenye ngozi Ulaya hiyohiyo inaruhusu hadi asilimia 25 ya losheni. Wanachokataa ni kuivuta puani: vumbi la titani liliwaletea panya uvimbe wa kansa mapafuni, na mapafu hayana lile tabaka la seli zilizokufa. Mama Neema, hizo chupa ni za kupaka au za kupuliza?

MamaNeema_SHY: Zipo mbili. Ya kupuliza ndiyo anayoipenda, haimnati.

BenchiLaMaabara: Hiyo weka pembeni. Ya kupaka endelea nayo, isipokuwa juu ya kidonda kibichi. Hapo funika kwa nguo.

Nesi_wa_Ngozi: Naongezea. Paka kabla hajatoka nyumbani, na usipake kama pafyumu. Shingo, nyuma ya masikio, midomo, mgongo wa kiganja. Rudia kila baada ya saa mbili akiwa nje, kwa hiyo ongea na mwalimu wake. Mikono mirefu na kofia ya ukingo mpana viko palepale, hapo Kijiweni kasema kweli. Kidonda kisichopona ndani ya wiki chache usikipake dawa ya dukani, mpeleke kliniki.

Kijiweni: Angalau nusu nimepata.

MamaNeema_SHY: Asanteni sana. Shangazi mtu akikwama kutuma, hapa nchini naipata wapi?

Nesi_wa_Ngozi: Kuna Kilisun, inatengenezwa Moshi mahsusi kwa watu wenye ualbino, na hugawiwa kupitia kliniki. Anzia hospitali yenu ya mkoa, au uliza Chama cha Watu wenye Ualbino, wanajua ratiba ya kliniki. Nenda na mtoto mwenyewe, wamkague ngozi hapohapo.