Nakala ya jalada la zamani: masjala, TanzLII, wakili au Nyaraka za Taifa?

Kisimani
Wakuu, tulinganishe njia za kupata kumbukumbu za mahakama za chini, Tanzania Bara. Mfano: mirathi ilifunguliwa Mahakama ya Mwanzo mwaka 2009, karatasi ya uteuzi wa msimamizi imepotea, namba ya shauri haijulikani, na ofisi ya ardhi inataka nakala iliyothibitishwa ili ibadilishe jina kwenye hati. Aende mwenyewe masjala, yaani ofisi ya mahakama inayotunza majalada, atafute mtandaoni kama kwenye TanzLII, tovuti ya hukumu za mahakama, amtume wakili, au aende Nyaraka za Taifa?

Karani_wa_Zamani
Kwa mfano huo ni masjala ya Mahakama ya Mwanzo yenyewe. Jalada hukaa lilipofunguliwa, isipokuwa limeitwa na mahakama ya juu.

Namba isimtishe. Kila mahakama ina rejista, kitabu kikubwa cha mistari: namba, tarehe ya kufungua, jina la mwombaji, jina la marehemu, tarehe ya kumalizika. Namba huanza tena na 1 kila Januari, ndiyo maana "Mirathi Na. 14" bila mwaka haimsaidii karani hata kidogo. Aende na jina la marehemu kama lilivyo kwenye cheti cha kifo, mwaka wa kifo, na jina la aliyeteuliwa. Utafutaji uanzie mwaka wa kifo kwenda mbele. Familia nyingi hufungua mirathi miaka kadhaa baada ya msiba, na hapo ndipo watu hukwama: karani anafungua rejista ya mwaka mmoja, hakuti kitu, mtu anarudi nyumbani akiamini shauri halipo.

Barua iende kwa Hakimu Mfawidhi wa mahakama hiyo, nakala mbili. Moja inabaki, ya pili inagongwa muhuri wa kupokelewa na anarudi nayo. Ataje anachotaka kwa jina lake. Kwa mirathi ya Mahakama ya Mwanzo, uteuzi uko kwenye Fomu Na. IV, orodha ya mali na madeni ni Fomu Na. V, hesabu za ugawaji ni Fomu Na. VI. Akiandika "naomba nakala za kesi" anaweza kupewa uamuzi peke yake, wakati ofisi ya ardhi inataka Fomu Na. IV. Na kabla hajaondoka dirishani aangalie muhuri na saini ya uthibitisho. Fotokopi tupu itamrudisha tena.

Ada yoyote inalipwa kwa kumbukumbu namba ya serikali, benki au kwa simu. Asimpe mtu fedha mkononi.

Kisimani
Na mtandaoni je? Wengi wanasema siku hizi kila kitu kiko kwenye mfumo.

Wakili_Kanda
Si kila kitu. Mfumo wa kielektroniki wa kusimamia mashauri, e-CMS, ulianza kutumika mwishoni mwa 2023. Ni mzuri kwa shauri linaloendelea. Shauri lililofungwa miaka ya nyuma, hasa la Mahakama ya Mwanzo, litafute kwenye karatasi.

TanzLII ni kitu kingine. Ni bure, haihitaji kujisajili, na nguvu yake ni hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani. Nakala yake inasomeka na kunukuliwa lakini haina muhuri, kwa hiyo haitoshi mahali panapodai nakala iliyothibitishwa.

Faida yake kubwa kwa swali hili wengi hawaioni. Kama shauri lilikatiwa rufaa, fungua hukumu ya Mahakama Kuu uangalie ukurasa wa kwanza, chini ya jina la mahakama, ndani ya mabano. Pale pameandikwa rufaa imetoka Mahakama ya Wilaya gani, namba gani, na chanzo chake ni shauri namba ngapi la Mahakama ya Mwanzo ipi. Mistari miwili hiyo inakupa ulichokuwa unakitafuta kwenye rejista. Jaribu tahajia zote za jina: Mohamed, Mohammed, Muhamedi. Jaribu pia jina la ukoo peke yake.

Wakili anakusaidia pale ambapo wewe si mdaawa, yaani si mmoja wa wahusika wa shauri, na unahitaji kuomba ruhusa ya kusoma jalada ukieleza maslahi yako, au mahakama iko mkoa mwingine. Kwa mdaawa aliye karibu, barua ile ile anaiandika mwenyewe.

Karani_wa_Zamani
Naongeza kwenye hilo la rufaa. Rufaa ikifunguliwa, jalada halisi la chini huitwa na mahakama ya juu, na si kila mara linarudi kwa wakati. Kwenye rejista utaona limeandikwa kuwa limepelekwa Wilaya au Mahakama Kuu. Karani akisema "halipo", muulize: halipo kwa sababu limeenda wapi, na tarehe gani? Ukipata jibu hilo, barua ya pili iende huko. Kwa Mahakama Kuu unamwandikia Naibu Msajili wa kanda.

Ardhi_Kwanza
Kosa ninaloliona sana: mgogoro ulikuwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, mtu anatafuta jalada Mahakama ya Wilaya kwa sababu majina yanafanana. Hizo ni ofisi mbili zenye masjala mbili. Ukiona karatasi yako imeandikwa "Maombi ya Ardhi Na." na aliyesaini ni Mwenyekiti, nenda kwenye Baraza.

Na mipaka ya utawala imebadilika. Ubungo ilimegwa kutoka Kinondoni, Kigamboni kutoka Temeke; Geita ikawa mkoa mwaka 2012, Songwe mwaka 2016. Shauri la zamani anza kulitafuta kwenye wilaya ya wakati ule.

Kisimani
Jalada lisipoonekana kabisa?

Wakili_Kanda
Omba jibu kwa maandishi kwamba limetafutwa na halikuonekana. Bila barua hiyo huna pa kuanzia. Kisha wadaawa wote wanaombwa walete nakala walizonazo, na jalada linaundwa upya kutokana na hizo. Ndiyo maana nasisitiza fotokopi ya zamani isitupwe hata kama imechakaa. Nakala nyingine inaweza kuwa kwenye ofisi iliyowahi kuipokea: benki, mfuko wa pensheni, mwajiri wa marehemu.

Mhifadhi
Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam, ni kwa mambo ya kale: enzi ya Wajerumani na Waingereza. Kwa kawaida kumbukumbu za umma hufunguliwa kwa wasomaji baada ya miaka 30. Mirathi ya 2009 usiitafute kule. Zanzibar ina mahakama zake na nyaraka zake, Kilimani, na mirathi ya Waislamu inapitia Mahakama ya Kadhi na Kamisheni ya Wakfu, kwa hiyo barua ya Bara haifanyi kazi kule.

Nyali_Mombasa
Kwa wenye mirathi Kenya, Gazeti Rasmi la Serikali linatangaza maombi ya mirathi pamoja na mahakama na namba ya shauri. Matoleo ya zamani yanatafutika mtandaoni kwa jina la marehemu. Ukishapata namba, masjala ni kazi fupi.

Wakili_Kanda
Kwa anayetafuta nakala ili akate rufaa, tarehe ni muhimu kuliko jalada. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Wilaya ni siku 30, na sheria haidai uambatishe nakala ya hukumu, kwa hiyo usiisubiri: fungua rufaa. Kutoka Baraza la Ardhi la Wilaya kwenda Mahakama Kuu ni siku 45. Muda wa kusubiri nakala unaweza kuondolewa kwenye hesabu, na ushahidi wako ni ile barua yenye muhuri wa kupokelewa. Kwenda Mahakama ya Rufani kwenye madai, barua ya kuomba mwenendo, yaani kumbukumbu za shauri lilivyosikilizwa, iandikwe ndani ya siku 30 za uamuzi na mpinzani wako apewe nakala yake. Ukisahau kumpa, hutanufaika na cheti cha ucheleweshaji cha Msajili, kile kinachoondoa siku za kusubiri nakala kwenye hesabu.