Limit swichi zinajifyatua spindo ikiwashwa: nianzie wapi?

rauta_mihimili3

Habari wakuu. Mashine ni ya CNC (inayoongozwa na kompyuta), mihimili mitatu, mota za stepa (zinazozunguka kwa hatua ndogo ndogo), spindo (mota inayozungusha kikata) ya kilowati 2.2 kwenye inveta (kifaa kinachoilisha umeme na kudhibiti kasi yake), na ubao wa kudhibiti wenye ingizo za volti 5. Spindo ikiwa imezimwa hakuna shida kabisa. Ikiwashwa, baada ya sekunde chache ubao unasema limit swichi (swichi ya mwisho wa mhimili) imeguswa na mashine inasimama, wakati hakuna kilichogusa swichi. Mara nyingine haisimami, ila kazi ikiwa ndefu mhimili wa X unakuta umehama karibu milimita 1.

Waya za swichi zina urefu wa mita 4, hazina wavu (kifuniko cha nyuzi za chuma cha kukinga kelele za umeme), na zimelala mfereji mmoja na kebo ya spindo. Swichi zimefungwa kwa mguso ulio wazi, unaofunga zikiguswa. Nimepandisha muda wa kuchuja kwenye programu hadi milisekunde 20, imepungua, haijaisha. Ninunue filta ya laini?

wavu_wa_shaba

Filta iache kwanza, mkuu. Hiyo inazuia uchafu, yaani kelele za umeme, unaopita kwenye laini ya umeme. Uchafu wako unaruka kutoka kebo ya spindo kwenda waya za swichi humo humo mferejini. Inveta inakatakata volti 300 na ushee za DC maelfu ya mara kwa sekunde, na kila mkato ni mkali kiasi kwamba waya uliolala sambamba unapokea msukumo bila kuguswa.

Anza na kebo ya spindo. Weka yenye wavu wa shaba, nyuzi tatu pamoja na ethi, na wavu uungwe pande zote mbili: kwenye inveta na kwenye mwili wa spindo. Wengi wanaharibu hapa: wanasokota wavu kuwa mkia wa sentimita 10 na kuubana kwa skrubu. Kwa masafa ya juu mkia huo ni koili. Kwenye megahezi 10 unafika kama omu 6, na kelele zinatafuta njia nyingine. Menya ganda la nje sentimita 3, wavu ubaki mzima, kisha ubane kwa klempu ya chuma inayoukumbatia mzunguko wote juu ya bamba la kabati.

Pima na hili. Zima umeme, subiri kapasita za inveta ziishe chaji (muda umeandikwa kwenye inveta yenyewe), chomoa plagi ya spindo, pima omu kati ya pini ya ethi na mwili wa spindo. Kuna spindo nyingi ambazo pini ya nne haijaungwa popote ndani. Ikiwa yako ni hivyo, usiiwashe tena mpaka uirekebishe. Hapo tunazungumzia mtu kupigwa na umeme.

rauta_mihimili3

Nimepima, pini ya nne haifiki kwenye mwili. Nashukuru sana, naifungua. Lakini mbona kila mahali wanasema wavu uungwe upande mmoja tu?

ethi_kwanza

Inategemea kebo imebeba nini. Kebo ya mota ndiyo chanzo cha kelele, na mkondo wa masafa ya juu lazima upate njia ya kurudi kwenye inveta kupitia wavu. Ukikata upande mmoja umeifungia njia. Waya wa swichi au wa analogi ya volti 0 hadi 10 ni mpokeaji. Ukiunga pande zote mbili na miili hiyo ina tofauti ndogo ya volti, mkondo unapita kwenye wavu na kuingia kwenye ishara yako. Hapo unga upande wa kabati tu.

Bamba la nyuma likiwa na rangi, kwangua hadi chuma king'ae chini ya inveta, filta na klempu. Skrubu iliyopita kwenye rangi inatosha kuonyesha mita omu sifuri, lakini kwa kelele ni mguso mdogo mno. Mlango uunge kwa utepe wa shaba uliofumwa, mfupi na mpana.

Mifereji itenganishe: nguvu upande mmoja, ishara upande mwingine, nafasi ya sentimita 20. Zikilazimika kukutana, zikatane kwa pembe ya nyuzi 90.

volti24

Wenzangu wameshughulikia chanzo. Mimi nasema juu ya mpokeaji. Ingizo la volti 5 lenye resista ya kilo-omu 10 linashikiliwa na nusu milliampea tu. Msukumo wowote unalishinda. Hamia volti 24 kupitia optokapla (kijenzi kinachopitisha ishara kwa mwanga) inayovuta milliampea 5 hadi 10, na ugeuze swichi ziwe za mguso uliofungwa. Waya ukikatika mashine itasimama, badala ya kuendelea hadi igonge mwisho wa reli.

Muda wa milisekunde 20 urudishe chini. Mhimili ukienda milimita 3000 kwa dakika, hizo ni milimita 1 kabla ubao haujajua kwamba swichi imeguswa. Resista ya kilo-omu 1 na kapasita ya nanofaradi 100 kwenye ingizo zinatoa milisekunde 0.1, inatosha.

X kuhama ni suala la waya za hatua na mwelekeo: palsi za uongo zinahesabiwa kama hatua. Sokota kila ishara na waya wake wa kurudi, na draiva (kifaa kinachoendesha mota ya stepa) ikikubali ishara za jozi, yaani waya mbili zenye ishara kinyume, zitumie.

Masafa ya kukata ya inveta yakiwa kilohezi 16, shusha hadi 8. Spindo ya hezi 400 haitalalamika, na mikato kwa sekunde inapungua nusu. Koili za rilei na kontakta (swichi za sumaku) za DC zote ziwe na dayodi ya 1N4007, mstari wake uelekee chanya.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati, uendeshe spindo mihimili ikiwa imesimama huku ukitazama taa za ingizo. Taa ikipepesa, bado kuna njia.