Kuna aliyewahi kuingia kwa yule kijana wa picha za majani, Ng'ambo?

Mwl_Isevya: Habari wana Tabora. Nafundisha sayansi darasa la sita. Nasikia kijana mmoja Ng'ambo anaotesha sura za watu kwenye gunia, bila rangi wala brashi. Nataka kuwapeleka watoto. Anapokea kundi? Ana kiingilio?

MamaKimea: Mwalimu, ulezi anaootesha ananunua kwangu, kwa hiyo kwake napajua. Ni chumba kimoja tu, madirisha kayaziba, giza. Anapaka udongo wa mfinyanzi kwenye gunia la katani, anabandika ulezi uliokwisha kuchipua, kisha anaumulika kwa projekta yenye negativu ya picha, ile ambayo peusi huwa peupe. Sisi wapika pombe tunajua kimea cha gizani hutoka njano. Yeye kaifanya hiyo ndiyo kazi. Panaposhiba mwanga panakuwa kijani, penye mwanga hafifu panabaki njano. Nywele na macho ndiyo hukolea, maana negativu imegeuza kila kitu.

Waingie watanowatano, mlango usiachwe wazi. Muulize kwanza kapanda lini: ukiwahi mno utakuta tope, ukichelewa utakuta majani yamelala. Kiingilio hatozi, ila mlipe. Picha yenyewe inanyauka, atamuuzia nani? Na ulezi haupati bure (nauza mimi).

Kijana_Cheyo: Umeme ukikatika je?

MamaKimea: Ulishakatika. Bibi mmoja akatoka na jicho moja. Kijana akataka kuifuta hiyo picha, nikamkatalia. Kwangu ndiyo nzuri kuliko zote.

Mkulima_Urambo: Waingereza Heather Ackroyd na Dan Harvey wanafanya hivyo kwa nyasi tangu miaka ya 1990. Wenzetu walishirikiana na watafiti wa Aberystwyth, Wales, wenye nyasi zisizopoteza klorofili (ule ukijani wa majani) upesi, ndiyo maana picha zao hudumu hata zikikauka. Ulezi wetu hauna hiyo. Mwalimu, kabla ya safari oteshea watoto ulezi kwenye trei, funika kwa boksi lililokatwa herufi, weka dirishani. Wataelewa nusu ya somo hapohapo.

Mwl_Isevya: Boksi naanza nalo Jumatatu. Mama, shikamoo. Watoto wangu ni sitini na wanane, kwa watanowatano si tutalala huko?

MamaKimea: Marahaba. Leta nusu asubuhi, nusu jioni. Wanaosubiri wakae kwangu, togwa ipo.