Bangi kushuka kundi Marekani: anayefaidika hasa ni nani?

Mleta mada (Colorado)

Wakuu, salaam. Tangu Desemba 2025, Rais Trump aliposaini amri ya kumtaka Mwanasheria Mkuu aharakishe kuitoa bangi kundi la kwanza na kuipeleka la tatu, kila nikienda kinyozi nasikia "bangi imeruhusiwa nchi nzima". Kushushwa kundi si kuruhusiwa, na kuna ndugu zetu watakaolia kwa kutojua tofauti hiyo.

Kwa asiyefahamu: sheria ya shirikisho ya 1970 imezigawa dawa zinazodhibitiwa katika makundi matano. La kwanza ni la zile zinazohesabiwa kuwa hazina matumizi yoyote ya tiba na ni rahisi sana kutumiwa vibaya. Humo ziliwekwa heroini, LSD, na bangi pamoja nazo. Kokeini iko la pili. Yaani kwa zaidi ya miaka hamsini, kwenye karatasi, msokoto umekuwa hatari kuliko kete ya kokeini. Hilo sitalitetea, na sipingi lirekebishwe. Biden aliagiza mapitio Oktoba 2022, Wizara ya Afya ikapendekeza kundi la tatu Agosti 2023, pendekezo rasmi likatoka Mei 2024.

Ninachopinga ni kuambiwa nguo hii imeshonwa kwa ajili yetu wakati vipimo vilivyochukuliwa ni vya wenye maduka. Kuna kifungu cha kodi, namba 280E, kinachomkataza anayeuza dawa za kundi la kwanza au la pili kutoa gharama zake kabla ya kukokotoa kodi. Pango, mishahara, umeme, vyote anavitozea kodi kana kwamba ni faida. Bangi ikishuka kundi la tatu, kifungu hicho hakimgusi tena. Anapumua.

Mwenye kadi ya kijani (kibali cha ukaazi wa kudumu) je? Sheria ya uhamiaji haiulizi kundi. Inataja dawa inayodhibitiwa, na hiyo ni kuanzia kundi la kwanza hadi la tano. Anayehukumiwa kwa dawa hizo anaweza kufukuzwa nchini, isipokuwa kama ni kosa moja tu la kukutwa na bangi ya matumizi yake mwenyewe isiyozidi gramu 30. Shusha bangi hadi la tano, mstari huo utabaki palepale.

Binamu yangu alifanya kazi ya kukata na kusafisha maua ya bangi kwenye duka halali la jimbo. Mkasi, glavu, saa nane kwa siku, kodi inakatwa kama kawaida. Tukaketi mezani kujaza fomu ya uraia. Tulipofika sehemu ya waajiri, wakili aliyekuwa kwenye simu akanyamaza, halafu akasema: "Usiitume." Mwongozo wa uhamiaji wa Aprili 2019 unasema hata kazi kwenye biashara ya bangi iliyoruhusiwa na jimbo inaweza kumwondolea mtu sifa ya "tabia njema". Karatasi ya kodi iliyothibitisha uaminifu wake ndiyo ingemkaanga.

Naomba kuwasilisha. Wapinzani karibuni, ila matusi hapana.

Dereva (Texas)

Mkuu umegusa penyewe. Ongeza na sisi wa malori. Vipimo vya mkojo vya Wizara ya Uchukuzi vinaitaja bangi kwa jina, sambamba na kokeini, amfetamini, afyuni na jamaa zake, na PCP. Ukivuta Ijumaa Denver kwa risiti halali, Jumatano ijayo mkojo unakusemea, na jina lako linaingia kwenye hifadhidata ya taifa ambayo kila mwajiri lazima aipekue kabla ya kukupa usukani.

Ila hapo tutofautiane. Mimi sitaki kipimo kiondolewe. Nabeba tani 36 barabarani, na anayenipita pembeni ana watoto kwenye gari.

Mama wa watatu (Ohio)

Nyote mnaongea kama bangi ni ileile ya vijijini kwetu. Hii ya madukani imepikwa. Ua lenye asilimia 20 ya THC (kile kinacholevya) na zaidi ni la kawaida, na mafuta yaliyokamuliwa yanapita hata 80. Halafu peremende! Nimeziona kwa macho yangu: rangi za matunda, umbo la dubu, pakiti inameremeta. Watoto wa chini ya miaka sita waliokula vitu hivyo na kuripotiwa kwenye vituo vya sumu walikuwa 207 mwaka 2017, wakafika 3,054 mwaka 2021. Na hapo ilikuwa bado kundi la kwanza! Mnataka duka lipunguziwe kodi ili liongeze matawi? Kwangu hapana. Mniite mshamba.

Nesi (Minnesota)

Mama hakuna atakayekuita mshamba, mimi pia nina mdogo nyumbani na dawa zote naziweka kwenye kabati la juu, limefungwa kwa kufuli. Lakini hizo peremende zimeletwa na majimbo, na nyingine na sheria ya kilimo ya 2018 iliyoruhusu katani (si mkonge, ni jamii ya bangi isiyolevya) yenye THC isiyozidi asilimia 0.3 ya uzito mkavu, wajanja wakapenya humo. Kundi la kwanza halikuzuia hata pakiti moja. Lilichozuia ni utafiti. Kuanzia 1968 hadi 2021, bangi ya kufanyia utafiti kihalali ilitoka shamba moja tu nchi nzima, la Chuo Kikuu cha Mississippi. Tunawezaje kujua inamfanya nini mtoto au mjamzito kwa mwendo huo?

Na mleta mada, kundi peke yake si kila kitu, ni kweli. Buprenofini, dawa ya kuwatoa watu kwenye heroini na fentanili, iko kundi la tatu hilohilo. Lakini mpaka mwishoni mwa 2022 daktari alihitaji kibali maalumu kuiandika kwa ajili hiyo. Daktari huyohuyo hakuhitaji kibali hicho kuandika vidonge vikali vya maumivu vilivyowaingiza watu kwenye shimo. Bunge lilipoondoa kibali, dawa haikuhama kundi hata kidogo. Mabadiliko mengine yanayookoa watu hayatangazwi kinyozi.

Mzee wa Chicago

Mimi nilikuwa hapa 1986. Congress ilipitisha kwamba gramu 5 za kraki (kokeini ya kuvuta) ni miaka mitano jela, lazima, na kokeini ya unga ufikishe gramu 500 ndipo upate miaka hiyohiyo. Kijiko cha chai kwa nusu kilo. (Na kwetu "unga" una maana zake mbili, mnajua.) Kijiko kilikuwa cha mitaa ya weusi. Mwaka 2010 uwiano wakaushusha kutoka 100 kwa 1 hadi 18 kwa 1, watu wakashangilia. Waliokwisha kuhukumiwa je? Wakasubiri hadi 2018 sheria nyingine ndipo ikaangalia nyuma. Miaka minane, vijana, wakati kila mtu anakubali kwamba hukumu yao haikuwa ya haki. Kwa hiyo mkiniuliza kuhusu bangi, swali langu ni moja tu: aliyeko ndani anatoka lini? Kushusha kundi hakumfungulii mlango mtu yeyote.

Mmeru (Boston)

Nacheka tu. Mnapigania bangi, nani anaikumbuka miraa? Kwetu Igembe kibunda ndicho kinachofungua mazungumzo ya posa. Hapa katinoni iliyomo kwenye jani bichi iko kundi la kwanza tangu 1993, na kathini iko la nne. Jani likikauka katinoni inageuka kathini, ndiyo maana linafungwa kwenye majani ya mgomba lisinyauke. Kwa hiyo mzigo uleule, leo kundi la kwanza, keshokutwa la nne! Hakuna seneta wa kututetea, hatuna maduka ya kodi. Nyinyi Watanzania najua mtasema mirungi ni marufuku hata kwenu, sawa, lakini msinihubirie sayansi.

Mleta mada

Mmeru, umenichekesha, ila mtu asije akaenda uwanja wa ndege na kibunda kilichokauka akidhani kapona. La nne nalo limo kwenye ule mstari wa uhamiaji.

Mzee, hapo nimekosa jibu.

Mama, tuseme kundi la tatu lije pamoja na pakiti zisizo na rangi wala dubu, na mstari wa uhamiaji ufutwe kwa kazi iliyo halali jimboni. Ungekubali?

Mama wa watatu

Pakiti nakubali. Hilo la pili nitalifikiria. Binamu yako bado yuko pale?

Mleta mada

Aliacha wiki ileile. Sasa anapanga maboksi ghalani usiku, mshahara umepungua. Wakili alimwambia wanaangalia miaka mitano ya nyuma, basi amebandika kalenda kwenye friji na kila mwisho wa mwezi anachora mstari. Amefikisha kumi na saba.