Je, dini za mzaha zinastahili heshima sawa na imani?

Mwalimu wa Uraia, Nyakato

Wanajukwaa, habari za kazi. Naomba mawazo yenu kuhusu jambo lililozuka shuleni kwetu tulipokuwa tukijadili Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania, ile inayolinda uhuru wa mtu kuamini, kuabudu na kubadili dini. Mwanafunzi mmoja aliuliza kama ulinzi huo unamhusu pia mfuasi wa dini iliyotungwa kwa mzaha, akatoa mfano wa Kanisa la Dubwana la Tambi Linaloruka, lililoanzia Marekani mwaka 2005 na ambalo wafuasi wake huvaa chujio kichwani kama vazi la ibada. Darasa liligawanyika. Wapo waliosema ni kufuru tupu, na wapo waliosema hakuna binadamu awezaye kuthibitisha kwamba imani yake ina ukweli kuliko ya jirani. Mimi ni Mkristo ninayesali, lakini sitaki kuwanyamazisha watoto kwa vitisho. Je, dini hizi zinastahili heshima ileile tunayoipa imani?

Wakili, Isamilo

Mwalimu, nianze na chanzo, maana wengi wanaolihukumu suala hili hawakijui. Bodi ya Elimu ya Jimbo la Kansas ilikuwa ikijadili kuingiza katika somo la biolojia hoja kwamba viumbe vilibuniwa na mwenye akili, sambamba na nadharia ya mageuko. Bobby Henderson, kijana aliyesomea fizikia, akaiandikia bodi barua ya wazi akidai kwamba ikiwa hoja hiyo inapewa kipindi, basi na yake, kwamba ulimwengu umeumbwa na dubwana la tambi, ipewe muda uleule. Barua ile ililenga kile ambacho serikali inafundisha darasani, wala haikumzuia mtu yeyote kusali. Kwa sababu hiyo siwezi kuiita kufuru.

Ugumu ulianza wafuasi walipodai haki za waumini. Mwaka 2011 Niko Alm wa Austria alipata leseni ya udereva yenye picha yake akiwa na chujio kichwani, lakini mamlaka zilieleza kwamba picha ilikubaliwa kwa kuwa uso wote ulionekana, si kwa sababu ya dini. Mwaka 2016 mahakama ya shirikisho huko Nebraska ilikataa dai la mfungwa aliyetaka kutambuliwa kuwa muumini wa kanisa hilo. Uholanzi nayo ilikataa mwaka 2018 kumruhusu mfuasi mmoja avae chujio kwenye picha ya kitambulisho, na shauri lilipofikishwa Strasbourg, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ililitupa mwaka 2021, kwa kipimo kwamba imani inayolindwa sharti iwe na nguvu ya hoja, umakini, mshikamano na umuhimu. New Zealand ilikwenda njia nyingine na kuwaruhusu kufungisha ndoa, ila sheria yake ya ndoa inatambua pia jumuiya zenye msimamo wa kifalsafa au wa kibinadamu, si za dini peke yake.

Maoni yangu ni kwamba mzaha wa aina hii unastahili ulinzi kamili kama maoni, chini ya Ibara ya 18, lakini haustahili misamaha ambayo sheria huwapa waumini. Msamaha hutolewa kwa mtu ambaye dhamiri yake ingevunjwa. Mwanamke wa Kiislamu anayeamriwa kuvua hijabu mbele ya mpiga picha anaamini kwamba amelazimishwa kutenda dhambi, na usiku huo hatalala. Aliyenyimwa chujio amepoteza hoja, nayo anaweza kuirudia kesho gazetini. Waambie pia wanafunzi kwamba hapa kwetu Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 129, inamshtaki anayetamka maneno kwa kusudi la kuumiza hisia za kidini za mwingine. Kwa hiyo kusudi la msemaji lina uzito mkubwa.

Mkazi wa Igoma

Mimi nasema hapana, tena kwa uchungu. Meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, marehemu wengi walizikwa hapa Igoma, Waislamu na Wakristo, na wengine ambao jamaa zao hawakuwahi kuwatambua. Kila mwaka viongozi wa dini mbalimbali husimama kwenye makaburi hayo wakaomba. Niliwahi kumwona mama mmoja amepiga magoti kwenye vumbi huku kanga imemdondoka mabegani, akifuatisha dua ya sheikh neno kwa neno ilhali rozari iko mkononi mwake. Imani ndiyo iliyomfikisha pale akiwa na akili timamu. Mtu anayevaa chombo cha jikoni ili kushinda mabishano asiniambie kwamba kile chake na hiki cha mama huyu ni kitu kimoja.

Kijana wa Kirumba

Dada yangu, nakuheshimu, na pole kwa kumbukumbu hizo. Ila mimi sina dini, na bado nimechimba kaburi la jirani na kukesha matangani kama wengine. Ukisema heshima inapatikana kwa kuzika, basi na sisi tusio na dini tunayo. Ninachoomba ni serikali isiwe mpima imani. Huko England na Wales watu wapatao 390,000 walijaza katika sensa ya mwaka 2001 kwamba dini yao ni Jedi, iliyotoka kwenye filamu. Sensa yetu haijauliza dini tangu 1967, na sioni aliyepungukiwa.

Mzee wa Kisesa

Mwalimu, mwanangu, wasomaji wenzangu wamesema vizuri, lakini kuna jambo wamelipita. Nyuma ya nyumba ya bibi yangu kulikuwa na kibanda cha nyasi, kirefu kufika kiunoni, cha masamva, yaani wahenga wetu. Mtoto akiugua, bibi alikoroga unga wa mtama kwa maji ndani ya kibuyu, akaunyunyiza mlangoni mwa kibanda huku akitaja majina ya waliotangulia, polepole, asiruke hata mmoja. Wamisionari walipofika Usukuma wengi wao waliyaita mambo hayo upagani, na wapo waliowacheka wazee wetu mbele ya watoto wao. Padri David Clement wa Bujora alikuwa na moyo tofauti. Alijenga kanisa la mduara kama nyumba ya Kisukuma na kuingiza ngoma zetu katika Bulabo, yaani sikukuu ya Mwili wa Kristo.

Sisi tunajua ladha ya kuambiwa kwamba unachokiamini ni mchezo. Kwa hiyo namuuliza Wakili: kipimo hicho cha Strasbourg, bibi yangu angekivuka? Hakuwa na kitabu, wala usajili, wala mafundisho yaliyopangwa.

Wakili, Isamilo

Mzee wangu, shikamoo. Swali lako ndilo zito kuliko yote yaliyoulizwa hapa.

Naamini angekivuka, mradi mpimaji aangalie maisha yake na asidai maandishi. Bibi hakuwa anamjibu mtu. Alikuwa na mtoto mgonjwa, akaenda kwa aliowaamini, na angefanya vivyo hivyo hata kama hakuna aliyemwona. Hilo ndilo ningelitaka mahakama ilitafute. Dini ya mzaha, kwa maoni yangu, inahitaji mtazamaji ili ifanye kazi yake. Lakini hofu yako ni ya haki. Hakimu aliyelelewa katika dini ya kitabu anaweza kudhani kwamba umakini lazima ufanane na wa kanisani au msikitini kwao, na hapo kibanda cha masamva kitawekwa fungu moja na chujio. Ndiyo maana nakubaliana na kijana wa Kirumba kwa nusu: serikali iulize kuhusu dhamiri pale tu mtu anapoomba msamaha wa sheria, na kwingine kote ikae kando, kama Ibara ya 19 inavyosema kwamba uendeshaji wa jumuiya za dini uwe nje ya shughuli za mamlaka ya nchi.

Mwalimu, ukirudi darasani, wape wanafunzi mifano yote miwili kwa pamoja, kibanda na chujio, uwaache waeleze tofauti kwa maneno yao kabla hujawasomea hukumu yoyote.